Jiaozi au kreplach: nyama iingie mbichi au imeshaiva?

Kwa aliyezoea kukunja sambusa, vyakula hivi viwili havina ugeni mkubwa. Ni unga wa ngano uliosukumwa mwembamba, nyama katikati, kingo zimebanwa. Tofauti ni kwamba havianzii kwenye karai la mafuta. Kawaida vinaanzia kwenye maji yanayochemka. Jiaozi ni za Wachina, hasa wa kaskazini, ambako ngano ndiyo chakula cha kila siku kuliko wali. Kreplach ni za Wayahudi wa Ashkenazi, waliotokea Ulaya ya kati na ya mashariki, na jina lenyewe ni la Kiyidishi, lugha yao. Wayahudi wa New York wameshafananisha mambo haya zamani: wakiletewa wonton kwenye mgahawa, yaani ndugu wa jiaozi anayeelea kwenye supu, huziita kreplach za Kichina.

Mimi nilijifunza zote mbili London, katika mwaka mmoja. Mchana nilikuwa namhudumia bibi wa Kiyahudi kaskazini mwa jiji, ambaye mikono ilikuwa imechoka lakini sauti ya kuamuru jikoni haijachoka hata kidogo. Usiku narudi kwenye nyumba ya kupanga, na chumba cha pili anakaa dada mmoja mwanafunzi kutoka Shandong, jimbo la China ya kaskazini. Tangu hapo rafiki zangu huniuliza: nina unga, nina nyama, nina Jumamosi moja, nipike ipi? Nami huwajibu kwa swali: hiyo nyama yako ni mbichi au imeshaiva? Ukijua hilo, umeshajua karibu yote yanayobaki.

Nitazipima kwa nini

Kwa mambo sita: manda, nyama ya ndani, ukunjaji, moto, namna ya kuweka akiba, na siku ambazo wenyewe huzipika pamoja na miiko yake. Ladha siiweki kwenye mizani. Moja inaliwa ikiwa na majimaji ya nyama ndani, nyingine inaliwa ikiogelea kwenye supu. Kuuliza ipi tamu ni kama kuuliza pilau na wali wa nazi nani mkubwa.

Manda

Jiaozi ni unga na maji, basi. Gramu 500 za unga kwa gramu 250 hivi za maji baridi, na chumvi kidogo ukipenda. Donge likishashikana lifunike kwa kitambaa chenye unyevu kwa nusu saa, kisha likande tena mpaka liwe laini kama ncha ya sikio. Huo ni mfano wa Wachina wenyewe. Shika sikio lako uone. Mtu wa chapati atapata tabu kidogo hapa, kwa sababu hakuna kusukuma duara kubwa. Unaviringisha donge kuwa kamba, unakata vipande vya gramu 10 hadi 12, unabonyeza kila kimoja kwa kiganja, halafu mkono wa kulia unasukuma kijiti chembamba huku wa kushoto ukizungusha unga. Kijiti hakivuki katikati. Kinafika karibu na kitovu na kurudi. Kwa hiyo manda hubaki nene katikati, inapolemewa na nyama, na nyembamba pembeni, ambako kingo mbili zitapandana. Ukiisukuma sawasawa yote, mshono hubaki mgumu mdomoni wakati mahali pengine pameshaiva. Unga huo unatoa manda 60 hadi 70.

Ukikusudia kuzipika kwa mvuke au kuzikaanga, kandia maji ya moto badala ya baridi. Manda itakuwa laini zaidi na haitakakamaa.

Kreplach zina yai. Gramu 300 za unga, mayai matatu, kijiko kimoja cha mafuta, chumvi, na maji kijiko kimoja au viwili kama unga umegoma kushikana. Ni donge la tambi za mayai: la njano, zito kukanda, na lina tabia ya kurudi nyuma unapolisukuma. Nalo lipumzishe nusu saa. Halafu linasukumwa lote kwa pamoja, unene wa milimita 2, na kukatwa kwa kisu miraba ya sentimita 7. Utapata 35 hivi.

Bibi alikuwa akipasua kila yai kwenye glasi peke yake, ananyanyua glasi kuelekea dirishani, analitazama. Likiwa na doa la damu halitumiki, kwani damu hawali. Siku yangu ya kwanza nilipasua mayai matatu moja kwa moja juu ya unga. Hakunigombeza. Alinyoosha tu kidole kuelekea pipa la taka, unga na mayai yake vikaenda, tukaanza upya.

Kwa anayeanza, manda ya kreplach ni nyepesi kuitawala, maana kisu hakihitaji ufundi. Ya jiaozi inataka vidole vilivyozoea, na mara ya kwanza nusu yake zitatoka na umbo la ramani ya Afrika.

Nyama ya ndani

Hapa ndipo njia zinapoachana.

Jiaozi hujazwa nyama mbichi. Inaivia humo humo ndani, na majimaji yake hayana pa kwenda, yanageuka supu ndogo inayosubiri meno. Chukua gramu 500 za nyama ya kusaga isiyo kavu. Nyama isiyo na mafuta hata kidogo itatoka kama kokoto. Tia chumvi, soya sosi, tangawizi iliyosagwa, vitunguu vya majani na mafuta ya ufuta. Kisha koroga kuelekea upande mmoja tu, ukiongeza maji kidogo kidogo mpaka yafike kama mililita 100. Dada wa Shandong hakuniruhusu kubadili upande. Nyama inakunywa maji yale, inaanza kunata na kushika mwiko, na hapo ndipo iko tayari.

Mboga inaingia mwisho. Kawaida ni kabichi la Kichina, lile refu la majani yaliyokunjamana, lakini kabichi letu la duara linafaa. Katakata gramu 400 ndogo ndogo, nyunyiza chumvi, acha robo saa, halafu likamue kwa nguvu zote kama unakamua tui. Mimi niliwahi kuona uvivu, nikalitia hivyo hivyo. Maji yakajitokeza bakulini nikiwa nimekunja nusu, manda zikalowa chini, na sufuriani zikafunguka kama ishirini. Tulikula uji wa nyama na kabichi.

Nyama inayotumika sana China ni ya nguruwe. Lakini asiyeila asidhani anapika kitu cha kubuni: Wahui, ambao ni Waislamu wa China, wana jiaozi zao za kondoo na za ng'ombe, na kondoo kwa karoti au kwa vitunguu ni mapishi yenye heshima yake. Pia zipo zisizo na nyama kabisa, za yai lililokaangwa na majani ya jiucai, ambayo yananukia kati ya kitunguu na kitunguu saumu.

Kreplach hujazwa nyama iliyokwisha kuiva. Mara nyingi ni ile iliyokwisha kufanya kazi nyingine: kuku aliyechemshwa kwa ajili ya supu, au kipande cha kidari cha ng'ombe kilichopikwa taratibu kikabaki. Kwa macho yangu huu ni upishi wa watu waliojua kubana matumizi: nyama ambayo ingewatosha wawili mezani, ikisagwa na kugawanywa kwenye vifuko, inafika kwa sita. Kaanga vitunguu viwili vikubwa mpaka viwe rangi ya kahawia kabisa, saga pamoja na gramu 300 za nyama, tia yai moja la kushikanisha, chumvi na pilipili manga ya kutosha. Basi. Mwenye kujua kima ya sambusa atajikuta nyumbani: ikiwa kavu, kazi ni rahisi.

Vitunguu vile hukaangwa kwa mafuta ya kuku, au ya mimea. Siagi haigusi hapo, kwa kuwa sheria ya chakula cha Kiyahudi inakataza nyama kuchanganywa na maziwa, na nguruwe haliwi kabisa. Jikoni kwa bibi vilikuwepo vijiko vya nyama kwenye droo moja na vya maziwa kwenye nyingine, na masufuria vivyo hivyo. Kreplach za jibini zipo, na huliwa sana kwenye Sikukuu ya Majuma, Shavuot, ila hizo hazitiwi kwenye supu ya kuku kamwe.

Matokeo ya tofauti hii ni haya. Jiaozi ikiiva nusu ni hatari, maana ndani mna nyama mbichi. Kreplach ikitolewa mapema, angalau nyama yake imeshaiva, ila yai la ndani na la manda bado linataka moto.

Kukunja

Jiaozi ni mwezi mchanga. Weka nyama katikati, kunja, bana katikati kwanza, kisha pande mbili kwa mikunjo midogo inayoangalia katikati. Ikikaa vizuri ina tumbo na inasimama yenyewe, kama vipande vya fedha vya zamani vya China viitwavyo yuanbao, na ndiyo maana inahusishwa na utajiri. Wengine huona sikio. Kuna hadithi kwamba tabibu Zhang Zhongjing, aliyeishi mwishoni mwa enzi ya Han, aliwapikia maskini walioganda masikio kwa baridi vifuko vya nyama ya kondoo na dawa. Hadithi ni hadithi, lakini umbo ni la zamani kweli: katika makaburi ya Astana, karibu na Turpan huko Xinjiang, zimekutwa jiaozi zilizokauka za enzi ya Tang (618–907), na mtu wa leo angezitambua.

Kreplach ni pembetatu. Mraba unakunjwa kona kwa kona, kingo zinabanwa kwa vidole au kwa meno ya uma. Wengine huziunganisha zile ncha mbili za chini ziwe kama kofia. Wayahudi wana kichekesho chao cha mtoto aliyekuwa akizililia kwa woga kila akiziona. Mama akaamua kumwonyesha zinavyotengenezwa. Huu unga, unaogopa? Hapana. Hii nyama? Hapana. Nakunja kona hii? Hapana. Na hii? Hapana. Akakunja kona ya mwisho, na mtoto: "Mama wee, kreplach!"

Kwa mwendo, mtu mmoja peke yake anamaliza kreplach 35 kwa utulivu. Jiaozi 60 za mtu mmoja ni adhabu, kwa sababu manda inakauka ukichelewa na nyama inatoa maji ukisubiri. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe: mmoja asukume, wawili wakunje, mmoja asimamie sufuria.

Moto

Jiaozi: sufuria pana, maji mengi yanayochemka, zitumbukize na kupitisha mwiko chini mara moja zisigande. Zikichemka mpaka povu linapanda, mwaga kikombe cha maji baridi. Rudia mara tatu. Maji baridi yanatuliza manda isipasuke wakati nyama inaendelea kuiva. Dakika 6 hadi 8 zinatosha, zitakuwa zinaelea na matumbo yamevimba. Huliwa kwa siki nyeusi, soya sosi, kitunguu saumu kilichopondwa, na pilipili ya mafuta kwa anayetaka. Maji yaliyochemshia nayo hunywewa, moto moto, eti supu ya chakula husaidia kumeng'enya chakula chenyewe. Sikuamini, lakini nilikunywa.

Za kukaanga huitwa guotie. Panga kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, zikishika rangi chini mimina maji yafike theluthi ya kimo chake, funika mpaka yakauke, kisha acha chini pawe na ukoko. Watoto wangu hawataki nyingine.

Kreplach huchemshwa kwenye maji ya chumvi pembeni, dakika 15 hivi, sio ndani ya supu yenyewe. Sababu ni ndogo lakini ya kweli: unga wake huchafua supu, na supu ya kuku ya Ashkenazi inatakiwa iwe angavu ya kuonekana chini ya bakuli, na vidoto vya mafuta juu. Zikiiva zinahamishiwa kwenye bakuli, mbili au tatu kwa mtu, na supu inamwagwa juu. Hakuna siki, hakuna pilipili. Zikibaki, kesho yake zinakaangwa na vitunguu.

Kwa hiyo kreplach ina kazi ambayo watu husahau kuihesabu: supu. Bila supu nzuri, ni pembetatu za unga zinazotafuta mwenyewe.

Kuweka akiba

Jiaozi mbichi hazikai kwenye friji. Zikikaa usiku mmoja, chini zimelowa na zimegandana. Zipange kwenye sinia lenye unga, zisigusane, ziingize friza pale pale, na zikishakuwa ngumu zitie kwenye mfuko. Siku ya kula usiziyeyushe. Zitumbukize zikiwa barafu na uongeze dakika kadhaa.

Kreplach zilizochemshwa na kupakwa mafuta kidogo hukaa kwenye friji mpaka kesho bila neno, na kwenye friza muda mrefu zaidi. Kuzirudisha ni kuzipasha kwenye supu tu. Mahali umeme unapokatika mara kwa mara hili si jambo dogo.

Siku zake

Kaskazini mwa China jiaozi huliwa usiku wa kuamkia mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, familia nzima ikikunja pamoja, na moja huwekwa sarafu ndani kwa ajili ya bahati ya atakayeiuma. Usiku huo ikipasuka sufuriani husemi imepasuka. Unasema zheng, neno ambalo pia ni kuchuma pesa. Huliwa vilevile siku ile usiku unapokuwa mrefu kuliko wote wa mwaka, na pia mtu anaposafiri: wana msemo kwamba anayepanda gari alishwe jiaozi, anayeshuka alishwe tambi.

Kreplach zina siku zake hasa: mlo wa mwisho kabla ya funga ya Yom Kippur, yaani Siku ya Upatanisho; Hoshana Rabba, siku ya saba ya Sikukuu ya Vibanda; na Purimu, wanapokumbuka kisa cha Esta. Wazee wao wanasema siku hizo zote zina kupiga ndani yake, kama matawi yanavyopigwa siku ya Hoshana Rabba na jina la Hamani, adui katika kisa cha Esta, linavyopigiwa kelele Purimu, na nyama ya kreplach nayo hupigwapigwa. Pembetatu wengine huihesabu kuwa mababu watatu, Ibrahimu, Isaka na Yakobo. Mlo wa kabla ya Yom Kippur hauna chumvi kali wala viungo, kwa kuwa wanafunga kama saa 25 bila hata maji. Aliyewahi kula daku lenye chumvi nyingi haelezwi zaidi.

Sasa, kwa hali yako

Una wageni wanaopenda kukaa jikoni, au watoto wakubwa wanaotafuta cha kufanya: jiaozi. Hata zilizokunjwa vibaya zinaliwa, na kila mtu atadai anaijua yake sahanini.

Uko peke yako na unataka kupika leo ule kesho: kreplach. Chemsha kuku jioni, chuja supu, kunja ukisikiliza redio.

Una mgonjwa au mzee asiyetaka viungo: kreplach ndani ya supu, na nyama isagwe laini.

Huna friji ya kutegemea: kreplach, na ule zote siku hiyo hiyo. Una friza inayofanya kazi na wiki yenye haraka: jiaozi mia moja Jumapili, na jioni nne zimeshapata chakula.

Huli nyama: jiaozi za yai na majani, au kreplach za jibini, za viazi pia zipo kwa Ashkenazi, kwa jina la varenikes. Huli mayai: kreplach hazikufai, ila jiaozi za kabichi na uyoga zinakufaa bila kubadili chochote kwenye manda.

Umemkaribisha Myahudi anayeshika sheria za chakula: muulize kwanza, maana si suala la nguruwe na siagi tu, bali pia nyama ilikochinjwa na sufuria iliyotumika. Umemkaribisha Mchina wa kaskazini: mwache asukume yeye.

Na ukibakiwa na unga baada ya nyama kwisha, usiutupe. Donge la jiaozi sukuma, kata tambi, chemsha kwenye maji yale yale. La kreplach fanya hivyo hivyo, lakini kwenye supu. Bibi alikuwa akikatakata hata vile vipande vya pembeni visivyo na umbo, na bakuli lenye vipande hivyo alikuwa akijiwekea mwenyewe.